Mwaka wa Dantela Nyeusi

Kambove, tarehe 3, mwezi wa tatu 2024

Kwa Gaëlle, bibi ya Paulin,

Jambo sana. Nazani mulifika muzuri kule Naviundu ya Lubumbashi, weye na mutoto. Bwalya anakula? Anamutafuta baba yake? Hapa tuko. Mwili iko, paka tu magoti inauma, lakini mwenye kuuza maharagi anakaa chini siku muzima, hakuna namna.

Usishangae kuona barua. Telefone nilimupa Faustin. Ni mu ile telefone balinipigia ya kusema shimo ya machimbo imebaangukia, Paulin na benzake, na miye nilikuwa na kilo ya maharagi mu mukono, muteja ananiangalia. Tangu siku ile nikisikia telefone inalia, naikimbia. Djo, ule mutoto ya jirani mwenye kuendesha lori, anafikaka Lubumbashi kila juma mbili. Atatuchukulia barua.

Sasa sikiliza. Kisha maziko uliondoka mbio, hatukuongea muzuri juu ya kilio. Ku famille yetu mujane anavaa nyeusi mwaka mumoja. Kichwa ifunikwe. Mikono ifunikwe. Asisuke nywele, asipake rangi ku midomo, asitafute macho ya banaume. Mwaka ukiisha, siye tunakuya kukutoa mu kilio: tunakuogesha, tunakuvalisha nguo ya rangi, unabaki mutoto yetu, na Bwalya anabaki na weye. Ukizarau, utabaki na nyeusi yako, na mutoto tutamukamata akuye kulelewa hapa Kambove. Siandike hivi kwa kukuogopesha. Faustin, mukubwa ya Paulin, njo alisema mbele ya bantu bote.

Nakutumia meta ine ya kitambaa nyeusi. Haiko ya bei, lakini haitoke rangi. Weye ni mushonaji, shona mwenyewe.

Mama ya Paulin,
Ngosa


Naviundu, tarehe 24, mwezi wa tatu 2024

Mama mukwe,

Jambo na heshima yote. Siye tuko bazima. Bwalya anakula, paka bukari ya sahani yangu njo anaona tamu kuliko yake. Asubui anamutafuta baba yake. Aliniuliza kama shimo iko na mulango. Nakutumia kachupa ka mafuta juu ya magoti, upake mangaribi, ufunge na kitambaa.

Kitambaa yako nilipokea, aksanti sana. Maneno yote yenye uliandika nilisikia, na nitaifuata moja moja. Nguo nilikwisha kushona. Ilinikamata juma mbili, juu fasi mingi nilishona na mukono. Sijashona kintu vile tangu nizaliwe.

Nilipoivaa mara ya kwanza, nilisimama mbele ya kioo ya mama mwenye nyumba. Bwalya akakaribia. Akazunguka nyuma, akarudi mbele, akagusa kidogo na kidole. Akaniuliza: "Mama, uko nani?" Nilisikia woga, lakini woga ya muzuri, sawa ile ya kuingia mu kanisa kubwa na hakuna muntu ndani.

Basi usiwe na mashaka. Niko mu nyeusi, kichwa na mikono imefunikwa.

Binti yako,
Gaëlle


Kambove, tarehe 2, mwezi wa sita 2024

Gaëlle,

Jambo. Mwili iko. Aksanti ya mafuta: goti ya kushoto ilisikia, ya kuume iko na kiburi.

Djo alinionyesha foto yako mu telefone. Alikukamata pa daraja ya Naviundu. Nilitafuta lineti yangu ya macho, nikaipanguza, nikaangalia tena. Ngoja nikuambie yenye niliona, pengine macho imezeeka. Jipo pana toka ku kiuno, inasimama yenyewe, tabaka juu ya tabaka. Dantela ya matundu na maua ku shingo, dantela ku mikono, dantela chini. Kofia ya kufunga na kamba chini ya kidevu. Soseti ndefu nyeusi. Na mwavuli ya dantela, siku yenye hakukuwa mvua.

Nikamuuliza Djo: hii ni kanisa gani? Hajue. Nikapeleka foto kwa katekista Mwape. Aliangalia sana, akasema ni bamasista ba zamani. Kisha akaona jipo inaishia chini ya magoti, akasema hapana, ni haya makanisa mapya, nabii yao njo amebachagulia uniforme. Nilikuombea misa mbili. Kama uliingia mule, niambie jina ya nabii, tuongee naye.

Kama haiko kanisa, niambie ni nini. Faustin hajaona bado. Ataona tu, Djo anaonyesha kila muntu mwenye kupanda mu lori.

Mama ya Paulin


Naviundu, tarehe 16, mwezi wa sita 2024

Mama mukwe,

Jambo sana. Bwalya anakusalimia, alijua kuhesabu mpaka kumi na tisa. Ishirini anaikatala.

Unisamehe, nilicheka barua yako mpaka machozi. Hakuna nabii. Zile misa mbili zimusaidie Djo, iko na mudomo mingi.

Inaitwa lolita. Mu Japani mabinti banavaaka vile mu njia, mu treni, mu soko. Kuko ya rangi, ya roza na ya bluu na maua na vifundo, banaita kawaii, ni kusema kintu yenye kupendeza sawa katoto. Kuko na ya nyeusi yote. Unajua Paulin alipenda katuni ya Japani. Mu mwezi wa kumi na mbili alirudi toka mu machimbo, akanionyesha video: mabinti kumi banavuka njia kubwa, bamevaa vile, na magari yote imesimama. Akasema: "Gaëlle, mushonaji sawa weye anaweza kushona ile?" Nikamujibu, uniletee kwanza kitambaa. Kitambaa ikakuya miezi tatu kisha, lakini ni weye uliituma.

Meta ine haikuenea. Chini kuko mustikeri mbili ya zamani ya kuzuia mbu, nilizichemusha na rangi nyeusi mu sufuria. Njo inasimamisha jipo.

Sasa tuangalie sheria yako. Kichwa: kofia inafunika mpaka masikio. Mikono: imefika ku vidole. Nywele sikusuka. Midomo iko kavu. Macho ya banaume, ile njo niliogopa. Kumbe. Mwezi wa kwanza ya kilio, na kitenge tu ya nyeusi, balikuwa bananipigia muluzi, "mujane, uko na nani sasa?" Na banamama ku bomba balikuwa banasogeza ndoo zao juu kivuli yangu isiziguse. Tangu nivae hii, muluzi iliisha. Juma iliyopita lori ya muchanga ilisimama, dereva akazima moteri, akatoa kofia, akangoja nivuke. Sikumuomba. Nilitembea polepole, nikavuka. Mama, muntu amesimamisha lori juu ya mujane. Mpaka leo nashangaa.

Binti yako,
Gaëlle


Kambove, tarehe 30, mwezi wa sita 2024

Gaëlle,

Jambo. Barua yako ni Faustin alinisomea, macho ilikuwa inauma. Kosa ni yangu. Na foto aliona.

Famille ilikutana hapa kwangu. Banasema unacheza na kufa ya ndugu yao. Banasema kilio haipashwe kupendeza. Na miye nasema vile vile. Bwana yangu alipokufaka, nilikaa na kitambaa kimoja mwaka muzima, nikalala ku mukeka, hakuna mwenye aliniangalia, na sikuuliza swali. Mujane anakuwa mubaya mpaka mwaka uishe, njo namna bantu banajua kama alipenda.

Vua ile. Ao mu mwezi wa pili Faustin atakuya kule na gari, na hatakuya kukutoa mu kilio. Atakuya juu ya Bwalya.

Sikuombe jibu. Vua.

Mama ya Paulin


Naviundu, tarehe 11, mwezi wa munane 2024

Mama mukwe,

Jambo na heshima. Ulikatala jibu, lakini kunyamaza kungekuwa zarau. Magoti iko namna gani na hii baridi?

Niliivua. Siku kumi na moja nilifunga ile kitenge ya nyeusi sawa vile ulisema. Banamama ku bomba bakarudilia kusogeza ndoo. Siku ya kumi na mbili sikuamuka. Sikuwa mugonjwa, nilikosa paka nguvu ya kutia muguu chini. Bwalya aliketi pembeni yangu na kikombe ya maji. Nikasikia anahesabu: moja, mbili, tatu. Alikuwa anahesabu pumuzi yangu. Akifika kumi na tisa anaanza tena. Jirani mumoja alimwambia kama mujane akilala sana, bwana yake anakuya kumuchukua.

Mama, nikaamuka. Nikavaa nguo yangu, nikafunga kamba zote makumi mbili na ine, na kofia, na vifungo ya viatu. Inakamata nusu saa. Mu ile nusu saa mikono inajua yenye inafanya, na kichwa inanyamaza. Kisha natoka, na njia inanifungukia. Sijui niite namna gani. Si furaha. Ni sawa muntu mukubwa kuliko miye amenikamata mukono.

Joëlle, mwenye kuuza unga karibu na siye, alikuya kuniomba nimushonee ya rangi ya roza. Na dada yake Musonda, ya bluu. Sasa siku ya mungu kisha misa banatembea na miye, mumoja kuume, mumoja kushoto, na Bwalya mbele. Banasema habapende nitembee peke yangu na kilio yangu. Batoto banatufuata kimya. Bazee banasimama mu milango.

Nitaivaa mpaka siku ya mwisho. Kama ni kosa, muipime juu ya kichwa yangu. Mutoto musimukamate. Mama, nakupigia magoti, musimukamate.

Binti yako,
Gaëlle


Naviundu, tarehe 20, mwezi wa kumi 2024

Mama mukwe,

Jambo. Djo amepita mara tano, mikono mitupu. Kama uko mugonjwa, uniambie. Kama umekasirika, uniambie pia, nimezoea. Bwalya akiona lori yoyote anauliza kama ni ya kumuchukua. Nikisikia moteri inasimama karibu na mulango ya lupango yetu, sindano inanitoka mu mukono. Nakuomba paka neno moja.

Binti yako,
Gaëlle


Kambove, tarehe 17, mwezi wa kumi na moja 2024

Gaëlle, mutoto yangu,

Jambo sana, na unisamehe kimya. Mwili iko. Nilikuya kule Naviundu.

Sikuambia muntu. Siku ya mungu iliyopita nilipanda na Djo, nikamwambia akifungua mudomo, nitamuambia mama yake mambo yake ya Likasi. Mu mufuko nilitia sweta na viatu ya mutoto. Unaelewa ni juu ya nini. Nilisema, nitajionea na macho yangu, na kama ni muchezo, narudi na Bwalya siku ile ile.

Niliketi pa daraja, pembeni ya mama mwenye kuuza vitumbula, kitenge mpaka ku pua. Bantu balikuwa mingi, mapikipiki, kelele. Kisha ikaanza kunyamaza toka mbali. Kwanza bantu ba ng'ambo, kisha ba daraja. Dereva wa pikipiki aliweka muguu chini. Nikageuka.

Gaëlle, niko na miaka makumi sita na mbili. Niliona bamonsenyeri, niliona machifu na ngoma zao. Sijaona bantu banatoka mu njia namna ile, bila kuambiwa. Bale mabinti ya roza na bluu pembeni, sawa maua muntu ameshika, na weye katikati, mweusi, munyoofu, unatembea polepole. Nilisimama. Sikujua kama nimesimama. Mama ya vitumbula akaniuliza: "Ni nani yako ule?" Nikamwambia: "Ni bibi ya mutoto yangu." Na nilisema na sauti, bantu basikie.

Ukapita karibu, kofia ilikufichia uso yangu. Njo nikaona dantela ku mukono yako. Maua tano, jani moja, maua tano, jani moja. Ile dantela ninaijua. Ilikuwa mu sanduku yenye ulileta toka Lubumbashi, ilizunguka uso ya Paulin. Siku mbili nilikaa pale, na kwa sababu sikuweza kumuangalia yeye, niliangalia ile. Ile ilikuwa nyeupe. Uliipata wapi? Usinifiche.

Niliketi chini. Balinipa maji. Nilirudi na mufuko sawa vile nilikuya nayo.

Faustin nilimwambia hivi: ni miye nilimuzaa Paulin, ni miye nitaenda kumutoa bibi yake mu kilio, na mutoto atabaki na mama yake. Alipiga meza. Kisha alikubali, lakini aliomba kintu kimoja, na hapo siwezi kumukatalia, juu ni desturi: siku ile yote ichomwe. Nguo, kofia, mwavuli, mpaka kamba. Nguo ya kilio inachomwaka, weye pia ulijua. Miye pia nilijua. Lakini wakati ule sikuwa nimeiona.

Mama yako,
Ngosa


Naviundu, tarehe 1, mwezi wa kumi na mbili 2024

Mama yangu,

Jambo. Barua yako nilisoma mara ine, mara ya tano nikamusomea Bwalya fasi ya mwisho, ile ya kubaki na mama yake. Akaniuliza kama sasa anaweza kufunga mulango ya lupango muzuri, aache kuchungulia lori. Tulifunga pamoja.

Dantela ilitoka kwa Gauthier, fundi wa masanduku ya kuzikia bantu, hapa ku njia kubwa. Alipomaliza ya Paulin, ilibaki kipande imevingirishwa ku rulo. Nilirudi kuiomba. Alinipa meta tisa, hakuniuliza swali. Niliichemusha na mustikeri mu sufuria moja. Sikukuambia juu niliogopa mutasema ni uchawi. Nilitaka paka nivae yenye Paulin anavaa. Yake nyeupe, yangu nyeusi.

Juu ya moto: muchome. Kati ya nguo na mutoto hakuna kufikiri. Lakini nikuambie kweli, sitaweza kushona ingine vile. Kuko asubui naiangalia iko ku musumari, nashangaa, sawa niliikuta tu pale. Sijue kama ni mikono yangu ilifanya. Basi nakuomba moja: wakati ya kuchoma, usinilazimishe niangalie.

Binti yako,
Gaëlle


Kambove, tarehe 2, mwezi wa tatu 2025

Gaëlle, mutoto yangu,

Jambo sana. Juma mbili sasa tangu tuachane. Tulirudi muzuri. Ile nguo ya rangi ya machungwa inakufaa, hata kama uliivaa sawa muntu ameazima ya jirani. Utaizoea. Na mambo ya Bwalya iliisha mbele ya bashahidi bote, Faustin mwenyewe njo alimutia mu mikono yako. Lala usingizi.

Hii barua usome peke yako.

Siku ile nilimwambia Faustin kama nguo ya mujane inachomwa fasi bwana yake amezikwa, basi tuipeleke Kambove. Ile desturi niliizua pale pale. Weye ulikuwa umegeuza uso, haukuona namna nilifunga ile furushi. Tulipofika niliingia nayo mu nyumba, nikatoka na furushi ingine, nikawasha moto nyuma. Faustin akasimama na mikono mu mugongo, miye nikatupa furushi. Iliwaka muzuri sana. Ilikuwa rido ya dirisha yangu ya saluni na mustikeri moja yenye panya balikula. Faustin akasema sasa ndugu yake amepumuzika. Nikamujibu amina.

Nguo iko. Sikukufichia juu ya ubaya, nilitaka kwanza nijue mwenyewe juu ya nini nilifanya vile.

Weye tulikupa mwaka. Ulivaa, bantu balikuona, mwaka ukaisha, tukakuogesha, ukatoka. Ku famille yetu mama ya marehemu hapewake kintu. Analia siku tatu, ya ine anarudi ku maharagi. Hakuna nguo yake, hakuna siku ya kumaliza. Nililia bwana yangu mwaka muzima, juu desturi ilisema. Juu ya mutoto yangu banauliza paka bei ya kilo ya maharagi. Na miye najibu bei.

Leo asubui nilifunga mulango, nikaivaa. Zile kamba zako zilinikamata saa muzima, mara mbili nilikosea nikaanza tena. Ulisema kweli, kichwa inanyamaza. Kisha nikafungua, nikapita mu njia kubwa ya Kambove, katikati, saa ya misa, mpaka ku kaburi. Pikipiki zilisimama. Banamama ba soko, benye bananijua miaka makumi tatu, balisimama nyuma ya meza zao. Hakuna mwenye alicheka. Mumoja akasema polepole: "Ni mama ya Paulin." Gaëlle, mwaka muzima na zaidi hakuna mwenye aliniita vile mu njia. Nililia mu mwangaza, mbele ya bantu, na sikufunika uso.

Faustin ataambiwa kabla ya mangaribi, na atakuya na kelele. Akuye.

Paka inanibana ku kifua, na mukono ya kuume ya nguo imechanika kidogo. Ukuye na sindano, ukuye na mutoto. Mwaka yangu naanza kuihesabu leo. Ikiisha, weye njo utakuya kunitoa.

Mama yako,
Ngosa